Sheffield FC na Hallam FC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya dabi kongwe kuliko zote duniani

Kila Sheffield FC na Hallam FC wanapokaribia kukutana, maswali yale yale hurudi. Baadhi hutoka kwa Waswahili wanaoishi Uingereza wanaotaka kujua wapande basi gani. Mengine hutoka kwa wapenzi wa soka walioko nyumbani, ambao wamesikia kwamba kuna dabi yenye umri zaidi ya miaka 160 inayochezwa mbele ya watu mia chache, na hawaamini. Majibu yamepangwa kuanzia mambo ya msingi hadi yale yenye ubishi. Jibu likigusa jambo lililokwisha elezwa, utaelekezwa lilipo.

## Mambo ya msingi

Hizi ni timu gani hasa?

Ni klabu mbili ndogo za soka kutoka mji wa Sheffield, kaskazini mwa Uingereza. Sheffield FC ilianzishwa tarehe 24 Oktoba 1857 na vijana wawili, Nathaniel Creswick na William Prest. Creswick alikuwa mwanasheria, Prest mfanyabiashara wa mvinyo, na wote wawili walikuwa wachezaji wa kriketi waliotafuta mchezo wa kuwaweka sawa wakati wa baridi. Hallam FC ilifuata tarehe 4 Septemba 1860. Sheffield huvaa nyekundu na nyeusi, Hallam hutamba na bluu na nyeupe.

Enzi hizo Hallam kilikuwa kijiji nje ya mji, na mpaka leo timu yake huitwa "The Countrymen", watu wa shamba. Sheffield wao huitwa "The Club", klabu yenyewe, kwa sababu walipoanza hapakuwa na nyingine ya kuchanganywa nayo.

Je, Sheffield FC ndiyo Sheffield United?

Hapana. Hilo ndilo kosa la kwanza la karibu kila mtu. Sheffield mjini kuna klabu nne za kukumbuka. Sheffield Wednesday, ya mwaka 1867, na Sheffield United, ya mwaka 1889, ndizo kubwa, zenye viwanja vikubwa na mechi kwenye televisheni. Sheffield FC na Hallam FC ni wakubwa wao kwa umri, lakini wanacheza madaraja ya chini kabisa ukilinganisha. Ukinunua tiketi ya Bramall Lane, uwanja wa Sheffield United, ukidhani unakwenda kuiona klabu ya 1857, utamwona mjukuu badala ya babu.

Wanacheza ligi ya daraja la ngapi?

Soka la Uingereza ni ngazi ndefu. Juu kuna Ligi Kuu, chini yake Championship, League One na League Two. Hayo ni madaraja manne. La tano ni National League, la sita ni matawi yake mawili ya kaskazini na kusini, na kuanzia la saba zinaanza ligi za kanda, kama Northern Premier League kwa upande wa kaskazini. Sheffield FC walipanda kuingia Northern Premier League mwaka 2007. Hallam kwa miaka mingi wameishi ngazi ya chini yake, katika Northern Counties East League, ambako mwaka 2022 walibeba ubingwa wa Division One, yaani daraja la kumi, wakapanda.

Kwa hiyo ukisikia mechi hii ikitajwa, fikiria daraja la nane, la tisa, la kumi. Wachezaji wengi wana kazi zao za mchana, wanafanya mazoezi jioni, na mshahara wa mpira ni posho.

Kwa nini inaitwa dabi kongwe kuliko zote duniani?

Kwa sababu hakuna klabu mbili nyingine zilizokutana mapema kuliko hizi na bado zipo, bado zinakutana. Mechi yao ya kwanza ilipigwa tarehe 26 Desemba 1860. Chama cha soka cha Uingereza, FA, kilikuwa hakijazaliwa, kilianzishwa 1863. Ukitaka kipimo cha nyumbani, Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, kwa hiyo Sheffield na Hallam walikuwa wameshataniana miaka 75 kabla ya Kariakoo kugawanyika.

Mechi ijayo ni lini?

Inategemea msimu umewaweka wapi. Wakiwa ligi moja, hukutana mara mbili kwa msimu, nyumbani na ugenini, na ratiba hutoka wakati wa kiangazi kabla ligi haijaanza. Wakiwa ligi tofauti, macho yote huwa kwenye droo ya kombe la kaunti, yaani Sheffield and Hallamshire Senior Cup, au raundi za awali za Kombe la FA. Bila hivyo, hubaki mechi ya kirafiki.

Tafadhali usitegemee tarehe uliyoiona mwezi uliopita. Madaraja haya hubadilisha ratiba mara kwa mara, wakati mwingine asubuhi ya siku yenyewe (tazama swali la kuahirishwa kwa mechi huko chini). Angalia kurasa rasmi za klabu zote mbili kabla hujatoka nyumbani.

## Utani ulikoanzia

Mechi ya kwanza ilikuwaje?

Ilikuwa siku moja baada ya Krismasi, kwenye uwanja wa kriketi wa Sandygate, theluji ikiwa imetanda chini. Gazeti la mji liliandika jinsi rangi za wachezaji zilivyopendeza juu ya weupe ule: Sheffield kwa nyekundu yao na nyeupe, watu wa shamba kwa bluu. Hakuna aliyehesabu wachezaji kumi na mmoja. Timu zilikuwa kubwa zaidi, na Sheffield ndio waliokuwa wachache. Walicheza hadi giza likaingia. Sheffield wakashinda 2-0 na kurudi mjini wakiwa wameridhika.

Ukisoma habari ile leo, kinachogusa ni jinsi ilivyo ya kawaida. Kuna hali ya hewa, kuna jezi, kuna matokeo, kuna sifa kwa upande ulioshinda na neno la heshima kwa ulioshindwa. Mwandishi wa michezo wa Mwanaspoti angeiandika hivyo hivyo, isipokuwa angeongeza dakika ya kila bao.

Ni kweli walipigana uwanjani?

Ni kweli, na siku yenyewe walikuwa wamekutana kwa ajili ya hisani. Tarehe 29 Desemba 1862 walicheza Bramall Lane kuchangia watu wa Lancashire, ambako viwanda vya nguo vilikuwa vimesimama na wafanyakazi walikuwa na njaa, kwa sababu vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani ilikuwa imekata meli za pamba. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya soka kuchezwa Bramall Lane.

Mpira ulichezwa saa tatu nzima bila goli. Katika purukushani, Creswick wa Sheffield na mchezaji wa Hallam aitwaye William Waterfall wakaingiliana. Waterfall akavua kizibao chake na kuanza kurusha ngumi. Magazeti yalisema Creswick alijizuia asirudishe hata moja. Watazamaji wakaingia uwanjani, vurugu ikawa ya watu wengi. Mambo yalipotulia, wazee wa pande zote mbili walishauriana, na Waterfall akapelekwa kukaa golini. Kadi nyekundu haikuwepo. Baadaye Hallam walitoa maelezo yao wakimtetea mtu wao.

Angalia jinsi mambo yalivyo yale yale: mechi ya hisani, sare, ngumi, mashabiki kuingia kati, kisha klabu kutoa taarifa kwa waandishi wa habari ikisema mchezaji wetu alichokozwa.

Mpira wa siku zile ulikuwa tofauti kiasi gani?

Tofauti kubwa. Sheffield FC waliandika sheria zao mwaka 1858, na Hallam wakazicheza. Chini ya sheria zile za kwanza:

Mchezaji aliruhusiwa kuudaka mpira ukiwa hewani, na akiudaka safi alipewa mpira wa adhabu. Kusukuma kwa mikono kuliruhusiwa, lakini kupiga miguu ya mwenzako na kumkata ngwala kulikatazwa kabisa. Hakukuwa na sheria ya kuotea, kwa hiyo kila timu iliweka watu wawili watatu karibu na goli la wapinzani wakisubiri tu. Na kila mchezaji alitakiwa awe na kofia mbili za flaneli, moja nyekundu na nyingine ya bluu iliyokoza, ili siku ya mechi upande mmoja uvae hii na mwingine ile. Hiyo ndiyo iliyokuwa jezi.

Nadhani sheria ya kofia ndiyo nzuri kuliko zote, kwa sababu inakuonyesha kwamba mwanzoni klabu haikuwa na wa kucheza naye. Miaka mitatu ya kwanza mara nyingi wanachama wa Sheffield walijigawa wao kwa wao, wenye wake dhidi ya makapera, kwa mfano. Hapo ndipo unaelewa Hallam walileta nini. Klabu moja inaweza kuwa na sheria, uwanja na ofisi (Sheffield walianza katika nyumba ya kioo ya kuoteshea mimea, kwenye barabara ya East Bank), lakini bila mpinzani hakuna mechi. Watu husema Sheffield FC ndio walioanzisha mpira wa klabu. Mimi nasema ulianza siku Hallam walipokubali mwaliko.

Ni kweli kona ilitoka kwao?

Ndiyo. Mpira wa kona uliingia katika sheria za Sheffield mwaka 1868, na FA ya London ikauchukua mwaka 1872. Mwamba mgumu juu ya goli nao Sheffield walikuwa nao wakati London bado wanafunga utepe kati ya nguzo mbili. Kwa miaka kadhaa Uingereza ilikuwa na mipira miwili, wa London na wa Sheffield, na mji wa Sheffield ulikuwa na klabu nyingi zilizofuata sheria zake wenyewe chini ya chama chake, kilichoundwa 1867. Mwaka 1877 pande mbili zikaunganisha sheria, na ule ndio mchezo uliosafiri kwa meli hadi Mombasa, Tanga na Unguja. Kona inayopigwa kesho kwenye uwanja wa shule kule Muheza ina asili Sheffield.

"Rouge" ni nini? Naliona kwenye matokeo ya zamani.

Ilikuwa njia ya kupata mshindi mabao yakilingana. Kila upande wa goli kulisimikwa bendera. Mpira ukipita nje ya goli lakini ndani ya bendera, na mshambuliaji akawahi kuugusa chini kabla ya beki, alipata rouge moja. Mabao yalihesabiwa kwanza. Rouge zilitazamwa tu kama mabao ni sawa. Ilitumika katika miaka ya 1860, ikafutwa 1868. Utaihitaji kuelewa jibu linalofuata.

Hallam wana taji gani la kujivunia?

Wana Kombe la Youdan, la kwanza kushindaniwa katika historia ya soka. Thomas Youdan alikuwa mwenye ukumbi wa maonyesho mjini Sheffield, na mwaka 1867 alidhamini mashindano ya klabu za mji. Fainali ilichezwa Bramall Lane mwezi Machi mbele ya watu wapatao 3,000, na Hallam wakawafunga Norfolk kwa rouge mbili kwa bila. Kombe la FA lilikuja miaka minne baadaye, msimu wa 1871/72.

Kombe lenyewe lilipotea kwa miaka mingi. Mwaka 1997 muuza vitu vya kale wa Scotland aliyekuwa nalo aliwatafuta Hallam, na klabu ikalinunua kwa pauni 1,600. Kwa klabu ya daraja lile hizo si pesa za kuchezea, na walizitoa.

Na Sheffield FC?

Wana ubingwa wa Kombe la FA la Ridhaa wa mwaka 1904, walipowafunga Ealing 3-1. Mwaka 1977 walifika Wembley kwenye fainali ya FA Vase, kombe la klabu za madaraja ya chini, wakatoka sare na Billericay Town, kisha wakapoteza mchezo wa marudio. Juu ya hayo, mwaka 2004 FIFA iliwapa nishani yake ya heshima. Klabu nyingine iliyopewa ni Real Madrid peke yake.

## Wakongwe huku chini

Mbona timu zenye historia kubwa hivi ziko chini namna hii?

Jibu fupi ni mshahara. FA iliruhusu wachezaji kulipwa mwaka 1885. Klabu zilizokubali kulipa ziliwachukua vijana wa viwandani wenye vipaji, zikajaza viwanja, zikaanzisha ligi mwaka 1888. Sheffield FC walikataa. Waliamini mpira ni wa kuchezwa kwa kupenda, na wakaanza kufungwa mabao mengi na timu za kulipwa walizokuwa wakizifunga jana. Hallam walikuwa klabu ya kijiji na hawakuwa na pesa hizo tangu mwanzo. Mji ukahamia kwa Wednesday na United.

Wengine huwaona Sheffield FC kama watu waliokosa basi. Mimi siwaoni hivyo. Walikuwa na msimamo, wakaulipia gharama yake kwa miaka zaidi ya mia, na bado kila msimu wanapanga kikosi.

Ni kweli Pelé alikuja kuwaangalia?

Alikuja. Novemba 2007, kwenye sherehe za miaka 150, Sheffield FC walicheza na Inter Milan pale Bramall Lane, Pelé akiwa jukwaani. Inter walishinda 5-2. Mabao mawili dhidi ya Inter, kwa timu ya daraja la nane, ni jambo ambalo mashabiki wa Hallam wanalisikia mpaka leo kila wakikaa na wenzao.

Nimesikia waliuza sheria zao. Kwa nini?

Kwa shida ya pesa, au tuseme kwa mipango ya baadaye. Mwaka 2011 Sheffield FC walipeleka kumbukumbu zao za mwanzo, pamoja na sheria za 1858 zilizoandikwa kwa mkono, kwenye mnada wa Sotheby's jijini London. Ziliuzwa kwa pauni 881,250. Inauma kuona klabu ikiuza cheti chake cha kuzaliwa. Lakini klabu ilikuwa imehamahama miaka na miaka, ikicheza kwenye viwanja vya kukodi kama Owlerton na Don Valley, na ilihitaji kujijenga.

## Kwenda uwanjani

Mechi ikiwa nyumbani kwa Hallam, nafikaje?

Uwanja ni Sandygate, mtaa wa Crosspool, upande wa magharibi wa Sheffield. Ukitoka London, treni ya kutoka St Pancras huchukua kama saa mbili. Kutoka katikati ya mji chukua basi linalopanda kuelekea Crosspool na Lodge Moor. Nasema "kupanda" kwa maana yake halisi, Sheffield ni mji wa vilima na Sandygate iko juu.

Ukiingia utaona jambo moja mara moja: uwanja umelala. Una mteremko unaoonekana kwa macho kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kipindi kimoja timu inashambulia ikishuka, kingine ikipanda. Wenyeji wanaujua mteremko huo vizuri, na mipira mirefu ya mgeni huwa inamkimbia.

Na ikiwa nyumbani kwa Sheffield FC?

Hapo wengi hupotea, kwa sababu uwanja hauko Sheffield. Tangu 2001 klabu inacheza Dronfield, mji mdogo wa kaunti ya Derbyshire kusini mwa Sheffield, pembeni ya baa ya Coach and Horses. Dronfield ina stesheni ya treni kwenye reli ya Sheffield kwenda Chesterfield. Pia kuna mabasi. Klabu imekuwa na mipango ya kurudi ndani ya mji, kwa hiyo hakikisha uwanja kila msimu.

Nahitaji kununua tiketi mapema?

Kwa kawaida hapana. Viwanja vya madaraja haya unalipa kiingilio getini na kupita, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya Ligi Kuu. Siku ya dabi watu huongezeka, na siku hizi wageni kutoka Ujerumani na Uholanzi huja makusudi kuona Sandygate. Kama tiketi zinauzwa mtandaoni, nunua. Foleni ya getini huwa na watu wawili tu wa kukata tiketi.

Mashabiki wanatenganishwa? Naweza kwenda na watoto?

Hawatenganishwi, na watoto wanakaribishwa. Utasimama na shabiki wa Hallam kulia na wa Sheffield kushoto, mnaegemea reli moja, mchezaji anarusha mpira hatua mbili mbele ya pua yako. Unamsikia kipa akiwapanga mabeki wake. Unasikia kocha anachomwambia mchezaji wa akiba anapopasha misuli. Mapumzikoni mashabiki wengi huhama kwenda nyuma ya goli ambalo timu yao itashambulia. Kwa mtoto anayejifunza mpira, siti ya bei mbaya Old Trafford haimpi hayo.

Pombe je?

Uingereza ina sheria ya 1985 inayozuia kunywa pombe huku unaangalia mchezo kwenye viwanja vya madaraja ya juu. Huku chini haiwagusi, kwa hiyo utaona watu wamesimama na glasi pembeni ya uwanja. Kama hunywi, chai ipo, na maandazi yao ya nyama yanayoitwa "pie" yapo. Anayetafuta chakula halali aulize kabla au aje na chake.

Mechi inaweza kuahirishwa?

Sana, hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Hakuna mitambo ya kupasha joto nyasi. Mvua ikituamisha maji au baridi ikiugandisha uwanja, mwamuzi hufika asubuhi, huutembea uwanja, huudundisha mpira sehemu zenye mashaka, na akisema haupigwi, haupigwi. Kama unatoka mbali, usipande treni kabla hujasoma taarifa ya ukaguzi wa asubuhi hiyo.

Niko Dar au Mombasa. Nitaionaje?

Televisheni haitaionyesha. Klabu hutoa matokeo ya papo kwa papo kwenye kurasa zao za mitandao ya kijamii, na video fupi za mabao hupatikana baadaye.

## Maswali yenye ubishi

Kuna watu wanasema Sheffield FC si klabu ya kwanza. Wana hoja?

Wana hoja, na inafaa isikilizwe. Edinburgh kulikuwa na klabu ya mpira mwaka 1824, miaka zaidi ya thelathini kabla, lakini ilikufa. Chuo Kikuu cha Cambridge nacho hudai mpira wake ulitangulia kwa mwaka mmoja. Notts County, ya 1862, huitwa kongwe kuliko zote, lakini hiyo ni miongoni mwa klabu za kulipwa. Tofauti ya Sheffield FC ni kwamba ilianza kama klabu ya mpira pekee, wazi kwa watu wa mji, na haijafa. Ndiyo maana FIFA inaitambua hivyo.

Na Sandygate kuwa uwanja kongwe kuliko yote?

Guinness World Records wameuandika hivyo. Uwanja wenyewe ulianza kutumika kwa kriketi mwaka 1804. Kwa hiyo katika utani, kila upande una silaha yake. Sheffield wanasema "sisi ndio klabu ya kwanza", Hallam wanajibu "na nyumba yako ya kwanza iko wapi?" Ukizingatia kwamba Sheffield wanacheza Dronfield, jibu la Hallam huwa linachoma.

Nimeona mchezaji ametolewa dakika kumi kisha akarudi. Ni sheria gani hiyo?

Ni sahihi. Kuanzia msimu wa 2019/20, FA iliweka adhabu ya kukaa nje dakika kumi kwa mchezaji anayembishia mwamuzi, katika daraja la tisa kwenda chini. Ukikuta dabi inachezwa ngazi hiyo, unaweza kuiona timu ikibaki pungufu kwa sababu ya mdomo tu.

Kuna watani wa namna hii kwetu?

Kwa moyo ule ule, nenda Tanga. African Sports ni ya mwaka 1936, Coastal Union ya 1948, na uwanja wa Mkwakwani umewabeba wote. Msimu wa 2015/16 mkoa ule ulipata pigo ambalo wazee wa huko wanalikumbuka: Coastal, African Sports na Mgambo Shooting, timu zote tatu za Tanga, zilishuka Ligi Kuu kwa pamoja. Coastal, wanaoitwa Wagosi wa Kaya, walirudi juu msimu wa 2018/19. Wakati wote huko chini, watu walikwenda Mkwakwani kuwaangalia. Anayewaelewa hao hahitaji kuelezwa kwa nini mtu anasimama kwenye baridi ya Crosspool Jumamosi alasiri.

Nimefika Sheffield na mechi imeahirishwa. Nifanye nini?

Usirudi mikono mitupu. Angalia kama Stocksbridge Park Steels wanacheza nyumbani, kaskazini-magharibi mwa mji. Hapo ndipo Jamie Vardy alipokuwa akifunga mabao ya madaraja ya chini hadi 2010, miaka sita kabla ya kubeba ubingwa wa Ligi Kuu na Leicester. Uwanja wao uko milimani, kwa hiyo ulizia nao hali ya nyasi kwanza. Na mechi ya dabi iliyoahirishwa mara nyingi hupangwa upya katikati ya wiki, usiku, chini ya taa. Kama una uwezo wa kulala siku mbili tatu, uliza klabuni tarehe mpya kabla hujakata tiketi ya kurudi.